Siku Tisa Nikimtafuta Babu wa Bibi

Siku ya kwanza: Bagamoyo

Bibi hakunitajia jina mpaka mlango ulipofungwa.

Nilifika kwake alasiri. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu. Leo umekuja na njaa au umekuja na maswali?" Nikamwambia vyote viwili. Tukakaa mkekani, simu ikirekodi, naye akanisimulia habari za kila mtu wa ukoo isipokuwa za yule niliyemfuata: babu yake yeye, baba wa baba yake. Bibi ni mjukuu wa mtu huyo, mama yangu kitukuu, mimi kilembwe. Alikufa bibi akiwa na miaka minane hivi, "vita vya Hitla vimeshaanza," kwa hiyo naweka 1940, mwaka juu au chini.

Nyumbani kwetu hadithi yake ni moja, nimeisikia kwenye harusi na kwenye matanga. Alikuwa Mnyamwezi, mpagazi, mtu huru. Alikuja pwani na pembe ya ndovu, akaiona bahari, akaoa, akabaki. Ndiyo sababu mtaani walituita Wanyamwezi, ingawa hakuna hata mmoja wetu awezaye kuomba maji kwa Kinyamwezi.

Magharibi ilipoingia bibi akanituma nifunge mlango. Akashusha sauti, akalitaja. Ameniomba nisiliandike, nami sitaliandika. Niseme tu kwamba ni jina la fungu moja na Mabruki, Baraka, Uledi, Feruzi. Mtu wa pwani mwenye umri ataelewa mlango ulifungwa kwa nini. Ni majina ya heri matupu, na mara nyingi waliopewa ni watu walionunuliwa.

"Sasa bibi, mbona tunasema..."

"Tunasema tunachosema." Akanyamaza muda. Kisha akaniongezea vitu viwili bila kuulizwa. Asubuhi babu yake hakuwa akisema sabalkheri, alisema "Mwangaluka". Na akikasirishwa alitishia kurudi kwao, Kigwa.

Nina miaka arobaini na kitu. Neno Kigwa sikuwahi kulisikia, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Siku ya pili: Bagamoyo bado

Asubuhi nilikwenda misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza hapa 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Huko sikutarajia kumwona wetu, maana alikuwa Mwislamu na alizikwa Kiislamu. Nilikwenda kuutazama mnara ambamo maiti ya Livingstone ililazwa Februari 1874.

Kisa kinajulikana, lakini nilikuwa sijakitazama upande wa wabebaji. Mzungu alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi tisa mpaka pwani. Baadaye Shirika la Kifalme la Jiografia huko Uingereza likachonga medali 60 kwa ajili yao, zilipokuwa tayari wengi wameshatawanyika. Nikisoma majina ya watu wa misafara ile naliona fungu lile lile la majina ya heri. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron, alikuwa Myao aliyetekwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akarudi Zanzibar bwana wake alipokufa. Mubarak si jina alilopewa na mama yake.

Mchana nilipita kwenye jengo la zamani la misafara. Mzee mmoja wa mji aliyekuwa kivulini akanipa maana zote mbili za Bagamoyo kabla sijaketi: bwaga moyo, ya mpagazi aliyefika salama na kutua mzigo, na bwaga moyo, ya mateka anayeuacha moyo wake huku akivushwa baharini. Nikamwuliza yeye anashika ipi. "Inategemea wewe ni mtoto wa nani," akasema, akaendelea kuchambua mchicha wake.

Usiku nilijaribu kumwekea mtu wangu miaka. Vyeti hana, kwa hiyo nikatumia matukio. Bibi anakumbuka babu yake akisema kwamba habari ya mtemi aliyejilipua ilimkuta ameshaoa pwani. Mtemi huyo hawezi kuwa mwingine ila Isike wa Unyanyembe, upande wa Tabora, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893, Wajerumani wakiwa wameshaingia. Basi kufikia 1893 alikuwa hapa, mtu mzima mwenye mke. Nikimpa miaka thelathini hivi wakati huo, alizaliwa kati ya 1860 na 1865. Hesabu ya vidole, lakini ni hesabu.

Siku ya tatu: Dar es Salaam

Nyaraka za Taifa, Upanga. Kibali nilikuwa nimekishughulikia mapema. Nililetewa mafaili ya enzi za Wajerumani, nikayafungua kwa mikono inayotetemeka, nikakuta sisomi kitu. Sisemi Kijerumani kilinishinda, hicho nilikitarajia. Ni mwandiko. Ule mwandiko wao wa zamani umechongoka kama miiba, hata herufi huzijui.

Jirani yangu wa meza, mtafiti aliyezeeka kwenye karatasi hizo, alinionea huruma. Hakunisomea faili, alinipa somo, na somo lenyewe ndilo lililoniharibia usingizi.

Alisema: usichanganye wapagazi. Wanyamwezi wengi waliobeba walikuwa watu huru, wakilipwa kwa vitambaa, merikani na kaniki, na posho yao njiani. Wasipolipwa sawasawa waligoma au walitoroka na mzigo ukabaki chini ya mti. Lakini kulikuwa na wapagazi wengine waliotoka pwani, waliojiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa au watu waliopata uhuru juzi. Mtumwa aliweza kukodishwa kwa msafara, akatembea miezi, akapokea ujira wake, akarudi kugawana na bwana wake.

"Kwa hiyo mtu aliweza kuwa mpagazi wa mshahara na mtumwa?"

"Kwa wakati mmoja. Nyumbani kwenu mmeuliza swali la ama hiki ama kile. Yeye huenda angekushangaa."

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na hapo ndipo shuleni tulipofunga na daftari. Bara utumwa uliendelea. Wajerumani hawakuufuta, walitoa barua za uhuru mtu mmoja mmoja, na kwa amri ya 1904 wakasema watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru. Marufuku kamili ililetwa na Waingereza, 1922. Baba yake bibi alizaliwa kabla ya hiyo 1906. Bibi mwenyewe alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, yaani mlango aliouagiza ufungwe una umri mdogo kuliko nilivyodhani.

Siku ya nne: treni

SGR mpaka Dodoma, shilingi 31,000, saa tatu na nusu hivi. Burton na Speke waliondoka Kaole Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba, siku 134. Sitaki kulinganisha zaidi, nina aibu ya kiti chenye mto.

Baada ya Kilosa treni inaingia na kutoka kwenye mahandaki, na bonde la Mkondoa linaonekana vipande vipande, kama mtu anayefungua na kufumba macho. Misafara ililifuata bonde hili. Nilikusudia kushuka nifike Mpwapwa, palipokuwa kituo chao kikubwa cha kupumzika kabla ya Ugogo. Sikushuka. Nililala usingizi, nikazinduka Gulwe imeshapita.

Kutoka Mpwapwa walikuwa wakijaza vibuyu na kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kisha wanaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na haki yao, kwa kuwa kisima ni chao. Nilikunywa chupa mbili za maji nikiwa nimekaa.

Siku ya tano: Dodoma hadi Tabora

Stendi ya Nanenane, kabla ya alfajiri. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na zaidi kidogo, bila kuhesabu mkeka wake, sufuria yake na silaha yake. Nilimwomba kijana mmoja wa mizigo aniwekee begani gunia la mchele la kilo 25. Nikatembea nalo toka geti mpaka basi letu. Watu walicheka, hasa yeye. Bega la kulia liliniuma mpaka Manyoni.

Baada ya Itigi ni pori. Vichaka vimesongamana pande zote mbili kama ukuta, halafu miombo, halafu miombo tena. Hii ndiyo ilikuwa Mgunda Mkali, shamba la moto, ambako mtu aliyeishiwa nguvu au aliyeshikwa na ndui aliachwa kando ya njia na msafara ukaendelea. Abiria mwenzangu, mama wa Kigogo aliyekuwa akipeleka karanga kwa mwanawe, aliniuliza natazama nini nje muda wote huo. Nikamwambia babu wa bibi yangu alipita hapa kwa miguu. Akaangalia dirishani kidogo. "Alikuwa na kosa gani?"

Tabora usiku. Chumba, maji ya ndoo, kulala.

Siku ya sita: Kwihara

Kilomita chache nje ya mji, barabara ya vumbi jekundu. Tembe ambalo Stanley na Livingstone walikaa mwanzoni mwa 1872 sasa ni makumbusho, yenye kuta nene za udongo na ubaridi ndani. Stanley alirudi pwani akamwahidi mzee atamletea watu. Livingstone akakaa hapa miezi akisubiri, na Agosti wakafika wapagazi 57 waliotoka pwani. Kati ya hao walikuwamo waliokuja kumbeba akiwa maiti. Oktoba 1873 walipopita hapa na mwili, walimkuta Cameron, naye akawashauri wamzike hapa hapa, njia ya mbele ni ya hatari. Walikataa. Nilisimama uani nikifikiria kukataa huko. Watu ambao kila aliyewaandika amewaandika kama mikono na miguu, siku hiyo walikuwa na shauri lao, na Mwingereza ndiye aliyekubali.

Mlinzi alinionyesha mlango wa kuchonga. Nilimtajia Kigwa. "Kigwa ipo," akasema, kama mtu anayeambiwa habari za jua. "Unapanda pikipiki."

Siku ya saba: Kigwa

Ipo kweli, wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora. Miombo, mabani ya kukaushia tumbaku, mizinga ya nyuki juu ya miti. Burton aliitaja, Stanley naye. Nilikuwa nimesoma kwamba vita vya Mtemi Mnywa Sele na wafanyabiashara Waarabu, kuanzia 1860 hadi alipouawa 1865, viliteketeza upande huu, na Stanley alipopita 1871 alikuta Rubuga na Kigwa zimegeuka mahame. Hesabu yangu ya vidole inamzaa mtu wangu katikati ya moto huo. Sikuthubutu kuisema kwa sauti, inapendeza mno.

Mwenye pikipiki alinifikisha kwa mzee aliyesemekana anajua mambo ya zamani. Tulimkuta chini ya mwembe akisuka kamba.

"Mwangaluka," nikasema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"Mwangaluka." Akanitazama. "Saa saba hii, tunasema mwadila. Umetoka wapi?"

"Bagamoyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mzaramo?"

"Kwa upande wa baba."

"Haa, mtani!" Akaacha kamba. "Mama, leteni maji, kuna mtani kaja. Mtani, ulizika watu wetu wangapi huko, umekuja kudai sanda?" Wakacheka wote, nikacheka na mimi, maana sasa nilikuwa nimeshapokelewa. Huko kwetu utani wa Mzaramo na Mnyamwezi tunaufanya misibani bila kujiuliza ulianzaje. Mzee anao jibu lake: "Mtu akitembea miezi akifika kwako anaumwa, mnakuwa maadui au mnakuwa watani. Wazee walichagua."

Nikamweleza. Nikamnong'oneza na jina, bibi anisamehe. Alilirudia mara mbili kimyakimya.

"Hilo si la hapa."

"Najua."

"Hilo la hapa mlilipoteza. Bila hilo mimi siwezi kukuambia mlango gani ubishe." Akanyoosha mkono kuzunguka, nyumba moja baada ya nyingine. "Walioondoka ni wengi. Wengine kwa miguu yao, kwa kuwa kijana asiyefika pwani hapati mke. Wengine walichukuliwa. Na wengine waliletwa hapa kutoka Manyema, huko Kongo, wakakaa kwetu, wakasema lugha yetu, kisha wakaenda pwani wakasema kwao ni Kigwa. Watakuwa waongo?"

Nilikaa kimya. Kila nilichobeba kutoka Bagamoyo alikuwa amekitua chini kwa sentensi tatu. Salamu haithibitishi kitu. Mahali hapathibitishi. Jina linathibitisha kinyume.

Halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria. "Alikuwa akibeba begani au kichwani?"

"Sijui."

"Muulize anayejua. Watu wa pwani kichwani. Sisi begani."

Mtandao ulikuwa hafifu. Nikapanda kwenye kichuguu, nikampigia bibi, nikaweka sauti ya nje. Wakasalimiana kwanza, kwa kirefu, kama vile simu haikuwa na salio lake. Mzee akamwita mtani, bibi akamwambia akome kuwasumbua wajukuu wa watu. Kisha nikamwuliza.

Bibi hakujibu mara moja. "Alikuwa na nundu," akasema. "Hapa begani, bega la kushoto. Ngumu kama kisigino. Nilipokuwa mdogo akinibeba nilikuwa naishika, kama mpini. Nilidhani wazee wote wanayo."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akafungua vifungo viwili vya shati lake, akajigusa bega ambalo halikuwa na kitu. "Baba yangu aliwahi kuniambia babu yake alikuwa nayo. Sisi hatuna. Ilikwisha na treni." Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na kazi ya miguu ikafa ndani ya miaka michache.

"Kwa hiyo alikuwa wa hapa," nikasema.

"Alibeba kama wa hapa. Alianza kubeba akiwa kijana, nundu haioti kwa safari moja, na alifundishwa na watu wetu. Hayo nakupa." Akafunga vifungo. "Kama alikuwa huru, nundu haisemi. Mtani, unataka sana awe huru?"

Nikamwambia ndiyo, wote nyumbani tunataka.

"Yeye alirudi?"

"Hapana. Alisema tu atarudi."

"Basi labda hakuruhusiwa. Au labda mke alikuwa mzuri." Akaokota kamba yake. Kabla sijaondoka alinipeleka nyuma ya mashamba ya tumbaku kunionyesha mahali wanapoita mahame, ambapo watoto wakilima hupata vigae vya vyungu. Niliokota kimoja, nikakitazama, nikakirudisha. Kwenye pikipiki nikiwa nimeshafika mbali nilijutia kukirudisha, kisha nikajutia kujuta.

Siku ya nane

Basi, Tabora hadi Dodoma. Mvua. Lita tatu za asali ya Tabora magotini, kifuniko kinavuja.

Siku ya tisa: Bagamoyo

Treni asubuhi, daladala mchana, kwa bibi kabla ya magharibi. Safari hii mlango ulibaki wazi, sijui kama ni kwa makusudi au ni joto.

Tunalo daftari la ukoo, la kurasa nyingi, jalada limechanika. Ukurasa wa kwanza alishaandika mjomba miaka ya nyuma: jina, kabila, kazi. Mbele ya kazi ameandika "mpagazi (huru)", na ile huru ameipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Nilichukua penseli. Sikufuta neno la mjomba. Chini yake nikaandika: Alizaliwa kati ya 1860 na 1865. Kigwa? Alibeba begani. Alikuwa pwani kabla ya 1893. Alikufa mnamo 1940.

Bibi hakusoma shule. Aliinamia daftari akifuata kidole changu, akaniambia nimsomee, nikamsomea. Akaweka kucha yake juu ya alama iliyo mbele ya Kigwa.

"Na hiki kinachofanana na ndoana?"

"Kiulizo, bibi. Ina maana sina uhakika."

"Na kwenye huru mbona hukuweka ndoana?"

Nikamwangalia. Nikamwambia ile ameandika mjomba.

"Mjomba wako alikuwa hajazaliwa." Akajiegemeza ukutani. "Weka."

Nikaweka, ndogo, kwa penseli. Akavuta kibuyu cha asali karibu, akalamba kidole, akasema imechanganywa na maji.